Kijiji kilichopoteza ufuko wake: uchambuzi wa kisa cha Hallsands, Devon

Kisa kwa ufupi

Sensa ya mwaka 1891 ilikuta katika kijiji cha Hallsands, pwani ya kusini ya Devon nchini Uingereza, nyumba 37 na watu 159. Mwaka 1917 ulipokwisha, ilikuwa imebaki nyumba moja tu ya kukalika. Wengi wanaosimulia habari hii huanza na usiku wa dhoruba. Mimi naanza miaka ishirini nyuma yake, siku serikali ilipompa mkandarasi leseni ya kuchota changarawe mbele ya kijiji, kwa sababu ndipo maamuzi yalipofanyika, na maamuzi ndiyo tunayoweza kujifunza.

Jina la kijiji nimelitaja kwa kuwa ni sehemu ya historia inayojulikana na wote, tena bila ramani kisa hakieleweki. Wanakijiji, mkandarasi na wakaguzi wa serikali nawataja kwa nafasi zao tu. Jina moja la mtu nitalitaja, la mhandisi aliyeandika vipimo vyake hadharani.

Mahali penyewe

Ukitazama ramani ya Devon, utaona ncha ya nchi iliyochongoka kuingia baharini upande wa kusini. Hiyo ndiyo rasi ya Start Point, yenye mnara wa taa uliojengwa 1836. Kaskazini ya rasi kuna ghuba iliyo wazi upande wa mashariki, iitwayo Start Bay. Kando ya ghuba hiyo fuko za changarawe zimefuatana: Slapton, kisha Beesands, na mwisho kabisa, karibu na rasi, Hallsands. Nje kidogo baharini kuna fungu la Skerries, ambalo wavuvi wa hapo walilitegemea kwa kaa.

Upepo mkuu wa sehemu hiyo hutoka kusini-magharibi, na rasi huukinga. Kwa siku nyingi za mwaka, basi, bahari ya Hallsands ilikuwa tulivu kuliko ile ya upande wa pili wa rasi. Hatari ilikuwa upepo wa mashariki. Huo hauji mara nyingi, lakini ukija haukuti kizuizi chochote, na mawimbi huingia ghubani moja kwa moja.

Kijiji kilijengwa mahali pa ajabu. Chini ya jabali refu palikuwa na rafu nyembamba ya mwamba, mabaki ya ufuko wa zama ambazo bahari ilikuwa juu zaidi kuliko leo. Juu ya rafu hiyo nyumba zilijipanga zikiegemea jabali, na kijia cha kupita watu kikapita katikati. Nyuma hapakuwa na pa kurudi. Mbele palikuwa na ufuko mpana wa changarawe, na picha zilizopigwa kabla ya mwaka 1897 zinauonyesha: mashua zimepandishwa, nyavu zimeanikwa, maji yako mbali na milango.

Changarawe yenyewe ndiyo ufunguo wa kisa. Majabali ya hapo ni ya shisti, mwamba unaovunjika kwa matabaka membamba. Ufuko lakini umejaa gumegume, jiwe ambalo halitoki katika majabali hayo wala halishushwi na vijito vya hapo. Limefikaje? Wakati wa zama za barafu usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko sasa, na sehemu kubwa ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ilikuwa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda kwa maelfu ya miaka, yakisukuma mbele yake mawe yaliyotapakaa juu ya nchi ile, mpaka yakayaweka yalipo leo. Baada ya hapo bahari ilikaribia kutulia, na kazi ile ikakoma. Mawimbi huyahamisha mawe ndani ya ghuba, mara kaskazini mara kusini, lakini mapya hayaji. Ufuko wa Hallsands ulikuwa akiba, na haukuwa na mapato.

Watu na kazi yao

Kanisa dogo lilikuwapo sehemu hiyo tangu angalau 1506, ila makazi yenyewe yalikua hasa katika karne ya 18 na ya 19. Palikuwa na chemchemi ya maji baridi, na baa moja iliyoitwa London Inn. Karibu kila familia iliishi kwa uvuvi. Walitega kaa na kambakoche kwa madema waliyosuka wenyewe kwa fito, na samaki walipoonekana wakipita kwa makundi karibu na ufuko, walitupa juya na kijiji kizima kikashuka kuvuta, wanawake kwa wanaume. Walifuga mbwa wakubwa aina ya Newfoundland waliofundishwa kuogelea kuzifuata mashua siku bahari imechafuka na kurudi na kamba mdomoni, ili watu wa nchi kavu waivute mashua.

Kuna jambo hapa ambalo msomaji wa pwani yoyote atalitambua mara moja. Kwa wavuvi hawa ufuko ulikuwa gati, uwanja wa kazi na ukuta wa nyumba zao, vyote kwa pamoja. Aliyewagusa ufuko aliwagusa kila kitu.

Uamuzi wa kwanza: leseni

Katika miaka ya 1890 Uingereza ilikuwa ikiongeza manowari kwa kasi. Jeshi la Wanamaji liliamua kupanua karakana yake ya Keyham, Plymouth, kazi kubwa ambayo ingekamilika 1907. Upanuzi ulihitaji zege kwa wingi, na zege huhitaji changarawe na mchanga. Mkandarasi aliyepewa kazi alitafuta chanzo kilicho karibu na kinachofikika kwa meli, akaiona Start Bay. Bodi ya Biashara, idara ya serikali iliyosimamia fuko, ikampa leseni ya kuchota katika eneo la mbele ya Hallsands na Beesands.

Tukijiweka katika nafasi ya waliotoa leseni, uamuzi wao ulikuwa na mantiki. Mawe yalikuwa mengi machoni. Yalikuwa karibu. Kuyabeba kwa meli kulikuwa rahisi kuliko kuyachimba bara na kuyasafirisha kwa reli. Mradi wenyewe ulikuwa wa ulinzi wa taifa. Na palikuwa na imani, iliyozoeleka wakati ule, kwamba bahari ikichukuliwa changarawe huirudisha.

Wanakijiji hawakuulizwa. Walijua kuna jambo walipoona mashine za kuchota zimetia nanga mbele ya nyumba zao, Aprili 1897. Muda si mrefu mashine hizo zilikuwa zikitoa hadi tani 1,600 kwa siku.

Uamuzi wa pili: uchunguzi wa 1897

Wavuvi walilalamika mapema, mwaka uleule wa 1897. Hawakusubiri nyumba ianguke. Walisema madema yao yanavurugwa na samaki wanafukuzwa, na zaidi ya hayo walisema ufuko ukiondolewa kijiji kitaondoka. Bodi ya Biashara ilisikia kwa kiasi cha kutuma mkaguzi na kufanya uchunguzi papo hapo.

Hitimisho la uchunguzi lilikuwa kwamba uchotaji hauelekei kukitia kijiji katika hatari kubwa. Kazi ikaendelea. Mkandarasi alikubali kuwalipa wavuvi wa vijiji hivyo viwili pauni 125 kwa mwaka kama pole ya usumbufu kwa muda wote uchotaji utakapoendelea.

Tuangalie malipo hayo kwa makini, kwa sababu yana sura ya haki. Lalamiko lilikuwa na sehemu mbili, kazi kuvurugika na nyumba kuhatarishwa. Pesa ilijibu sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ilijibiwa kwa maneno ya mkaguzi peke yake, na ikafungwa. Tangu siku hiyo mtu wa nje angeweza kusema kwamba wavuvi wameshalipwa.

Ufuko unashuka

Bahari haikujaza mashimo kwa mawe mapya kutoka nje. Iliyajaza kwa mawe ya ufukoni, yaliyoporomoka kidogo kidogo kwenda chini ambako mashine zilikuwa zimechota. Mtu aliyesimama juu ya jabali angeona mashimo yamezibwa na kusema bahari inarudisha. Aliyesimama mlangoni pake aliona kitu kingine: ngazi za kushukia ufukoni hazifikii tena changarawe, na miamba ambayo hakuwahi kuiona maishani inatokeza.

Kufikia 1900 ufuko ulikuwa umeshuka waziwazi. Dhoruba za vuli mwaka huo zilibomoa sehemu ya ukuta wa bahari. Novemba 1900 wanakijiji walimwandikia mbunge wao kuhusu madhara ya nyumba zao. Machi 1901 halmashauri ya wilaya ya Kingsbridge nayo ikaiandikia Bodi ya Biashara kuhusu barabara iliyoharibika. Septemba 1901 mkaguzi mwingine alitumwa. Huyu alisema wazi kwamba dhoruba kali zaidi zitaleta madhara makubwa, akapendekeza uchotaji usimame. Tarehe 8 Januari 1902 leseni ilifutwa.

Tazama muda uliopita. Kutoka lalamiko la kwanza hadi kufutwa kwa leseni ni zaidi ya miaka minne. Kutoka barua ya mbunge ni miezi kumi na minne. Hata baada ya mkaguzi wa pili kupendekeza, ilipita miezi kadhaa ya baridi, msimu wenye dhoruba, kabla ya leseni kuondolewa. Jumla ya mawe yaliyochotwa hukadiriwa kuwa tani 650,000.

Miaka ya kuta

Mwaka 1902 ufuko ulipanda kidogo, na matumaini yakarudi. Ilikuwa nafuu ya muda. Mawe yalikuwa yamesogea ndani ya ghuba kama yanavyosogea siku zote. Dhoruba za 1903 zilionyesha hali halisi: nyumba kadhaa zilidhurika, na zilizobaki zikawa hazina kinga mbele yake.

Hapo ndipo mhandisi wa Plymouth, R. Hansford Worth, anapoingia. Alipima ufuko, akalinganisha na alama za zamani, na akaanza kuchapisha matokeo yake mwaka 1904, akirudi tena na tena kwa miaka mingi. Vipimo vyake vilionyesha kwamba sehemu kadhaa za ufuko zilikuwa zimeshuka kwa zaidi ya futi 10, yaani mita 3 na ushei. Aliwapa wanakijiji kitu walichokosa mwaka 1897: namba zenye tarehe.

Kuta mpya za zege zilijengwa mbele ya kijiji, na zilisimama kwa zaidi ya miaka kumi. Watu waliendelea kuvua. Watoto walizaliwa. Ukuta lakini haufanyi kazi ya ufuko. Wimbi likipanda juu ya mteremko wa changarawe huvunjika mapema, na maji yake huzama kati ya mawe. Nguvu yake huisha njiani. Likigonga ukuta wima ambao mbele yake kuna maji ya kina, hupiga kwa nguvu yake yote, kisha hurudi likichimba chini ya msingi. Kila changarawe iliyobaki mbele ya ukuta huondolewa hivyo. Kwa hiyo kuta ziliinunulia Hallsands miaka, na papo hapo zilikuwa zikichimbwa.

26 Januari 1917

Ijumaa hiyo mambo mawili yalikutana. Upepo wa mashariki ulivuma kwa nguvu kubwa, na maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa kuliko kawaida. Usiku mawimbi yalivuka kuta na kuangukia mapaa. Kuta zilipasuka, na nyumba zikaanza kubomoka moja baada ya nyingine. Watu walipanda jabali gizani wakiwa na watoto na wazee wao. Maji yalipopwa walishuka kuokoa walichoweza, na yalipojaa tena siku ya pili yakamaliza kazi.

Hakuna aliyekufa. Hilo lilitokana na watu walioijua bahari yao na waliotoka kwa wakati, wakisaidiana. Halikutokana na mpango wowote wa serikali, maana mpango haukuwapo.

Nyumba moja, iliyokaa juu kidogo kuliko nyingine, ilibaki. Mwanamke mmoja wa kijiji aliendelea kuishi humo kwa miongo, akifuga kuku na kuwasimulia wageni yaliyotokea, hadi alipofariki mwaka 1964.

Fidia

Dai la fidia lilichukua miaka saba. Nchi ilikuwa vitani, idara za serikali zilikuwa na mengine, na swali lililoning'inia lilikuwa lilelile: je, ni mkono wa mtu au ni bahari? Familia zilizopoteza nyumba, mashua na vyombo vya kazi zilihifadhiwa na ndugu na majirani katika vijiji vya jirani. Mwishowe pesa zilizopatikana zilisaidia kujenga nyumba chache juu, mahali pa usalama. Kijiji cha wavuvi chini ya jabali hakikujengwa tena.

Uchambuzi: swali lililoulizwa

Nikisoma mfuatano huu, naona kosa kubwa lilifanyika 1897, na lilikuwa kosa la swali kabla ya kuwa kosa la jibu. Uchunguzi uliuliza kama uchotaji unaelekea kuleta madhara. Mkaguzi aliangalia ufuko mpana na mashine zilizofanya kazi kwa miezi michache tu, hakuona madhara, akajibu hauelekei. Swali lililohitajika lilikuwa la jiografia: mawe haya yalitoka wapi, na yanakuja kwa kasi gani? Angekuta gumegume kwenye ufuko wa majabali ya shisti, na hapo tu angekuwa na sababu ya kusita. Hakuhitaji nadharia ya zama za barafu ambayo wakati ule ilikuwa haijakamilika. Alihitaji kuokota jiwe ufukoni, kulilinganisha na jabali lililo nyuma yake, na kuuliza kwa nini hayafanani.

Utetezi wa kwamba elimu ya wakati ule haikutosha nauheshimu kwa sehemu. Ni kweli mwendo wa mawe kando ya fuko ulikuwa haujaeleweka kama leo. Lakini pale elimu haitoshi, mzigo wa shaka huwekwa upande mmoja au mwingine. Hapa uliwekwa upande wa kijiji. Mkandarasi hakutakiwa kuthibitisha kwamba ufuko utarudi, ila wavuvi walitakiwa kuthibitisha kwamba hautarudi, na njia pekee ya kuthibitisha ilikuwa kusubiri uondoke.

Uchambuzi: ushahidi wa nani

Wavuvi walikuwa wameukalia ufuko ule kwa vizazi. Walijua baada ya upepo upi changarawe huhama, na huchukua muda gani kurejea. Ujuzi huo haukuandikwa popote, na katika uchunguzi ulisikika kama malalamiko ya watu wenye maslahi. Mkandarasi naye alikuwa na maslahi, tena makubwa zaidi, lakini neno lake lilikuja na michoro na hesabu.

Kilichokosekana ni kitu cha bei nafuu mno: kipimo cha urefu wa ufuko kabla mashine hazijaanza. Alama chache za rangi kwenye mwamba, zilizosomwa kila mwezi mbele ya pande zote mbili, zingeonyesha kushuka ndani ya mwaka mmoja. Bila alama, mabishano yote ya 1900 na 1901 yalikuwa ya macho dhidi ya macho. Kazi ya Worth ilikuja baada ya leseni kufutwa. Ilisaidia kueleza sababu, na katika kudai haki ilikuwa na thamani kubwa, lakini kwa ufuko ilikuwa imechelewa.

Uchambuzi: kusimamisha na kurudisha

Kufuta leseni mwaka 1902 kulikuwa uamuzi sahihi, na nampa heshima mkaguzi wa pili kwa kuandika alichokiona badala ya kulinda hitimisho la mwenzake. Tatizo ni kwamba wote walilichukulia kuwa mwisho wa jambo. Shughuli imesimama, kwa hiyo madhara yamesimama. Katika mfumo unaojirudisha, hilo ni kweli. Katika akiba isiyo na mapato, siku ya kusimamisha hali hubaki ilipofika, na bahari huendelea kuidai. Kuanzia hapo palikuwa na njia mbili za kweli: kurudisha mawe, au kuwahamisha watu mapema wakiwa na fidia ya kutosha kujenga kwingine. Kurudisha mawe kwa kiasi hicho kulikuwa kazi ngumu kwa wakati ule. Kuhamisha kijiji cha nyumba zisizofika arobaini kulikuwa ndani ya uwezo wa serikali iliyokuwa ikijenga karakana ya manowari. Hilo halikufanyika, na kuta zikachaguliwa kama njia ya kati.

Siwezi kusema kuta zilikuwa upotevu mtupu. Ziliwapa watu zaidi ya miaka kumi nyumbani kwao, na miaka hiyo ni sehemu ya maisha ya mtu. Ninachokikosoa ni kwamba zilijengwa bila kuambatana na mpango wa siku zitakapoanguka.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayostahili kujibiwa vizuri: kijiji kilikaa mahali pabaya tangu mwanzo, kwenye rafu nyembamba isiyo na pa kurudi, na dhoruba ya 1917 ingeweza kukiharibu hata ufuko ungekuwapo. Kuharibu, ndiyo. Lakini nyumba za pale zilikuwa zimepita dhoruba za mashariki za vizazi kadhaa zikiwa na ufuko mbele yake. Beesands, jirani wa karibu katika ghuba ileile, bado iko. Wembamba wa rafu unaeleza kwa nini hasara ilikuwa kamili. Kwamba hasara ilitokea hata kidogo, hilo linaelezwa na kuondoka kwa ufuko.

Kilichofaa

Ndani ya kisa hiki kuna mambo yaliyokwenda sawa, na si haki kuyaruka. Wanakijiji waliandika. Walimwandikia mbunge, wakaishirikisha halmashauri, na barua ya halmashauri kuhusu barabara iliongeza uzito ambao barua kuhusu nyumba peke yake haikuupata. Barabara ni mali ya wote, na idara ya serikali husikia haraka lugha ya mali ya wote. Nadhani hili ni funzo la matumizi kwa jamii yoyote inayopambana na uchimbaji: tafuta taasisi ambayo madhara yenu ni madhara yake pia, na ipeni iandike.

Leseni yenyewe iliweza kufutwa. Kama ingekuwa mkataba wa miaka ishirini usiovunjika, hata Beesands huenda ingekuwa hadithi leo.

Ghuba hiyo leo

Mabaki ya Hallsands yapo bado: kuta chache za mawe juu ya rafu, zinazotazamwa kutoka juu. Mwaka 2012 jabali liliporomoka na kuharibu njia ya kwenda kuyatazama.

Swali la akiba ya mawe halijaisha katika Start Bay. Slapton, kaskazini kidogo, ina ukingo wa changarawe unaotenganisha bahari na ziwa la maji baridi lililo kubwa kuliko yote ya asili katika kusini-magharibi ya Uingereza, na juu ya ukingo huo inapita barabara. Dhoruba ya Januari 2001 iliikata barabara hiyo, na sehemu yake ikajengwa upya kwa kusogezwa upande wa ziwani. Mwaka 2018 iliharibika tena, ikasogezwa tena. Kila mara mjadala huwa uleule: kujenga ukuta, au kuuacha ukingo usogee kama ulivyosogea kwa maelfu ya miaka na kuifuata njia yake. Kwa barabara, kusogea kumewezekana kwa sababu nyuma yake palikuwa na nafasi. Tofauti na 1897, waliokaa kuamua walikuwa na vipimo vya ufuko, walijua changarawe mpya haiji, na wakazi walikuwapo kikaoni wakati maamuzi yakijadiliwa.